Sikusema Niliwaona

Siku ile shangazi yangu angesema "upepo" na mambo yangeishia hapo.

Mwendesha kreni akisema upepo, saiti nzima inasimama. Injinia anavua kofia ngumu ajipepee, mafundi wanatafuta kivuli, na hakuna atakayepanda mpaka juu kwenda kuhakikisha. Lakini upepo haukuwepo. Kitambaa chekundu kilichofungwa kwenye ncha ya mkono wa kreni kilikuwa kimelala kama ulimi wa mbwa kwenye jua la mchana. Na shangazi ana ugonjwa mmoja ambao mimi naupenda, ingawa umemgharimu: hawezi kutaja kitu ambacho hakipo.

"Unaona?" mpiga ishara alimuuliza kwenye redio ya mkononi.

Ndivyo wanavyofanya kazi. Mpiga ishara yuko chini, mwendesha kreni yuko juu kwenye kabini, na mzigo haunyanyuki mpaka wa chini aulize na wa juu ajibu. Akijibu "naona", maana yake ameiona ndoano, ameiona minyororo, amewaona watu waliosimama, na ameiona njia yote ambayo mzigo utapita. Akijibu "sioni", hakuna kitu kinachosogea.

"Naona," alisema shangazi. Furushi la nondo likapanda. Lilipofika usawa wa ghorofa ya pili, sauti yake ikarudi. "Subiri. Nasimamisha. Naurudisha mzigo chini."

"Kuna nini, mama?"

"Kuna kitu juu ya tangi la maji la mtaa wa pili. Upande huohuo mzigo unakoelekea."

"Ndege?"

"Si ndege."

"Kishada cha watoto basi."

"Kishada kina mkia, halafu kinacheza. Hiki kimesimama tuli. Kinang'aa kama bati jipya, hakina mbawa, hakina kamba. Sijui ni nini. Na mimi sipitishi mzigo karibu na kitu nisichokijua."

Mimi nilikuwa chini, msaidizi wa injinia, kazi ambayo shangazi mwenyewe ndiye aliyenitafutia nilipomaliza chuo. Niliinua kichwa kama wenzangu. Tuliona zege, nyavu za kijani na matako ya fundi mmoja aliyekaa kwenye jukwaa. Jengo lenyewe lilituzibia mbingu yote ya upande ule. Nondo zikashuka taratibu, zikalazwa kama mtoto aliyesinzia. Kisha redio ikasema: "Kimeondoka. Kimepanda juu moja kwa moja. Haya, tuendelee." Akanyanyua tena, akafanya kazi mpaka jioni bila kugusa hata ukingo wa ukuta.

Tatizo ni kwamba redio zile zinasikika kila ghorofa. Kabla hajashuka, jina lilikuwa limeshabadilika. Watu wote pale walikuwa wakimwita Mama Winchi, kwa heshima. Aliposhuka alikuta anaitwa Mama Sahani, kwa ajili ya zile sahani za angani zinazosemwa kubeba viumbe wa sayari nyingine.

Nataka niseme mtu huyu ni nani, kwa sababu wengi wamemjua kwa kicheko tu. Shangazi alianza kazi za ujenzi kwa kuchota maji ya kuchanganyia zege. Akaingia stoo, akagawa misumari. Kulikuwa na mwendesha kreni mmoja aliyekuwa akiumwa mgongo, akawa anamwomba shangazi ampelekee chai juu, na huko juu, kikombe baada ya kikombe, shangazi akajifunza usukani. Mwanamke kupanda kreni kulikuwa kioja enzi hizo. Walimwambia sketi itamnasa. Akavaa suruali. Wakamwambia suruali si ya mwanamke. Akawaambia basi wachague, apande na sketi au apande na suruali, maana kupanda atapanda.

Mtu akikaa juu peke yake mwaka hadi mwaka, jirani yake ni anga. Shangazi alianza kulisoma. Anajua ndege ya abiria ikigeuka inavyomulika jua. Anajua puto la watu wa hali ya hewa, na anajua kwamba nyota ya asubuhi imeshawadanganya watu wazima wenye vyeo vyao. Karibu kila kitu anachokiona juu, ana jina lake. Vichache sana vilibaki bila jina, na hivyo vichache ndivyo vilivyomteka. Akawa anasoma habari za vitu hivyo, anasikiliza vipindi, anauliza wageni nyumbani: "Wewe umewahi kuona kitu angani usichokijua?" Lakini ni nyumbani tu. Kazini alifunga mdomo, kwa sababu saiti moja ya zamani aliwahi kumgusia mwenzake, na kesho yake akakuta mtu amemchorea sahani yenye miguu kwenye mlango wa kabini.

Safari hii hakufunga. Kesho yake wakati wa chai alikuja mwenyewe, akakaa katikati ya benchi, akasema, "Haya, nimekuja. Ulizeni mbele yangu, msiulize nyuma yangu."

Mpiga ishara ndiye aliyeanza. Anaitwa Spika, na kujua kwamba yupo si lazima uwe karibu; ukiwa mtaa wa pili unamsikia. "Mama Sahani, walikuwa wangapi?"

"Nani?"

"Si wenyewe."

"Mimi nilisema kitu. Kitu ni kimoja, na sikusema kina wenyewe."

"Na vikombe vyake? Sahani haitembei peke yake, mama. Labda huko kuna shughuli, wamekosa vyombo."

Benchi lote likacheka. Shangazi naye akacheka, akamjibu: "Spika, wewe shule ulipeleka mdomo, kichwa ukakiacha nyumbani kilinde kuku."

Wakacheka zaidi. Nikaona kwamba hivyo ndivyo inavyowezekana kuishi: mtu anasema alichokiona, wenzake wanamtania, anawatania, chai inaisha, watu wanarudi kazini. Ningetamani yaishie hapo.

Habari ikafika kwenye kituo cha redio. Mtangazaji wa kipindi cha alasiri akampigia, akamwomba waongee hewani. Shangazi akakubali. Aliongea kwa simu akiwa nyumbani, kwenye chumba cha mbele ambamo mumewe anashonea makochi, amekaa juu ya godoro la sponji lililokatwakatwa. Mumewe alikuwa na misumari midogo mdomoni kama kawaida yake, akaacha kugonga nyundo ili sauti isiingie.

Mtangazaji alikuwa mchangamfu. "Kwa hiyo mama, ukiwa kule juu, ukawaona."

"Hapana. Usinilishe maneno, mwanangu," akamjibu. "Sikusema niliwaona. Nilisema nilikiona. Ukisema niliwaona, hao ni watu, au wana pumzi, wana macho, na wao wanakuona. Mimi hao siwajui. Mimi nilikiona kitu. Nilipokiona sikukijua, na leo bado sikijui. Tatizo ni lipi hapo?"

Nilisimama mlangoni nikiwa na fahari iliyonijaa mpaka kooni. Katika lugha hii yetu, silabi moja katikati ya neno inatenganisha kitu na kiumbe, na mtu aliyeishia darasa la saba alikuwa amesimama juu ya silabi hiyo kama mlinzi wa geti.

Sasa sikilizeni walichofanya. Kituo kikakata kipande kidogo cha mazungumzo kwa ajili ya kutangazia kipindi. Katika "sikusema niliwaona", wakaitupa "sikusema". Likabaki "niliwaona", kwa sauti yake mwenyewe, tulivu, ya mtu mzima. Wakaliwekea muziki wa kutisha nyuma. Wiki haijaisha, vijana wameshalifanya mlio wa simu. Ulikuwa ukipita dukani unasikia mfuko wa mtu unasema *niliwaona, niliwaona*, na mwenye mfuko anapokea, "Haloo?"

Kazini utani ukabadilika ladha. Watu waliokuwa wakimtania usoni wakaanza kunyamaza akipita. Fundi mmoja akageuza njia asipite chini ya ndoano, akasema hataki kubebwa. Nyumbani, mteja aliyekuja kuchukua kochi lake akauliza kama sponji ni ya kawaida au imeshuka kutoka juu. Mwingine hakuja kabisa kuchukua lake.

Usiku mmoja mezani mumewe akatoa misumari mdomoni, jambo ambalo hulifanya kwa chakula na kwa habari nzito tu. "Mke wangu," akasema, "mimi nakuamini. Lakini funika kombe mwanaharamu apite."

"Kombe nimelifunika tangu tulipooana," shangazi akamjibu. "Wanaharamu hawakupita, baba watoto. Wamejenga."

Mumewe akashindwa kujizuia, akacheka huku akitikisa kichwa, akarudisha misumari mdomoni ingawa chakula kilikuwa bado mbele yake. Hakulisema tena.

Ijumaa msimamizi wa saiti alimwita shangazi ofisini, yaani ndani ya lile kontena lililotobolewa dirisha. Akaniita na mimi pia, akidhani nitamsaidia. Si mtu mbaya. Namtaja hivyo kwa makusudi, kwa sababu watu wabaya ni wachache sana kulinganisha na watu wasiotaka usumbufu.

"Dada yangu, mitambo ya kupozea hewa inapandishwa juu ya paa wiki ijayo," akasema. "Ni ya bei mbaya. Mwenye jengo amesikia redioni kwamba mtu atakayeinyanyua anaongea na viumbe. Anasema hataki mtu mwenye mapepo ashike mali yake."

"Hakusikia hivyo. Alisikia kipande. Nilisema nilikiona."

"Mimi sina muda wa kumfundisha mwenye jengo sarufi."

"Basi mletee hapa nimfundishe."

Msimamizi akajikuna shingoni. "Sikiliza. Jumatatu kwenye kikao cha asubuhi, mbele ya wote, unafuta kauli. Sentensi moja. Sema ulikuwa upepo, ulikuwa umechoka, jua lilikupiga, chagua mwenyewe. Mimi nitampelekea mwenye jengo jibu hilo, na wewe utabaki kwenye kabini yako. Usipofuta, nitakushusha uende stoo, nitaleta mtu mwingine. Sipendi, lakini nitafanya." Kisha akanigeukia. "Wewe msomi, mweleweshe shangazi yako."

Nikamwambia kwamba ninachokielewa ni kuwa siku ile alifuata kanuni ya kazi: usinyanyue kuelekea usichokijua. Na kwamba kama angesema uongo wa upepo angeonekana mfanyakazi mzuri, kwa hiyo hapa tunamwadhibu kwa kutodanganya. Msimamizi akasema, "Nilidhani nimemwita mtu mzima," na kikao kikaisha.

Ukweli ni kwamba mwisho wa wiki ule shangazi aliogopa. Watu hupenda kusimulia mashujaa kama watu waliotengenezwa kwa chuma. Yeye aliosha ovaroli yake mara mbili. Alikaa juu ya kochi lisilo na mwenyewe, akaniuliza, "Baba, hivi mtu wa umri wangu akishushwa, nani atampandisha tena?" Kabini ile kwake haikuwa kazi tu. Ni mahali pekee duniani ambapo hakuna mtu aliyewahi kumwambia asogee.

Nilimuuliza kama atafuta.

"Nikifuta," akasema, "Jumanne Spika ataniuliza kama naona, nami nitamjibu naona. Atajuaje kama naona kweli, au nasema tu ili kazi iendelee?"

Jumatatu tulikusanyika kwenye uwanja wa kupakulia mchanga, kofia vichwani, kama kila wiki. Msimamizi akamaliza habari za mikanda ya usalama, akakohoa. "Mwendesha kreni wetu ana neno fupi."

Shangazi akatoka mbele. Mfuko wa mtu, sijui kwa bahati mbaya au kwa ujinga, ukaita: *niliwaona, niliwaona*. Vicheko vikapita chini chini. Akangoja simu inyamaze.

"Nimeambiwa nifute kauli," akaanza. "Kufuta naweza. Mimi si mkaidi. Kuna 'wa' imewekwa kinywani mwangu ambayo si yangu. Nilikiona, wao wakasema niliwaona. Hiyo 'wa' naifuta mbele yenu wote, na anayeipigisha kwenye simu naye aifute. Lakini 'ki' naibakiza. Ile ni yangu, maana nilikiona kwa macho haya."

Msimamizi akasema kwa sauti ya chini, "Dada, hatukukubaliana hivyo."

"Hatukukubaliana kabisa. Uliniambia tu." Akawageukia mafundi. "Kila siku mnasimama chini ya vyuma ambavyo vikidondoka hata jina lako halitaonekana. Mnasimama kwa nini? Kwa sababu mimi nimesema naona. Hamjawahi kunidai ushahidi. Mmeweka shingo zenu chini ya macho yangu, na watoto wenu nyumbani wanakula kwa sababu macho haya hayakosei. Sasa siku moja nasema nimeona kitu sikijui, na macho yamekuwa ya mwendawazimu. Haya, niambieni yaliugua saa ngapi. Maana baada ya hapo niliwanyanyulia mzigo mpaka jioni, na hakuna aliyekimbia."

Spika alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Kuna watu hapa wameniambia nyamaza, ni aibu," akaendelea bila kuishusha sauti. "Aibu ya nini? Sikuiba. Sikulala kazini. Napenda kujua vitu vya juu, kama wewe unavyopenda mpira, na wewe unavyopenda mambo ya majirani. Nitaongea habari hizi kwenye chai, nitaziongea redioni wakinipigia tena, na kwenye msiba nitanyamaza kwa sababu ya adabu tu. Nimemaliza."

Msimamizi alinyoosha mkono. "Ufunguo wa kabini."

Shangazi akautoa mfukoni, akampa bila kuurusha. Kisha akaelekea stoo, kwa sababu stoo ndiko alikopangiwa.

Ningependa niwaambie kwamba mwendesha kreni mpya aligonga ukuta, au mitambo ikashindikana kupanda mpaka wakamwita shangazi kwa magoti. Haikuwa hivyo. Mitambo ilipanda salama siku ya Alhamisi, mwenye jengo akapiga picha, na yule mwendesha kreni mpya ni kijana mzuri anayejua kazi yake. Mpaka naandika haya, shangazi bado yuko stoo anagawa misumari na glovu, kazi aliyoiacha akiwa msichana. Ameomba kwenye saiti nyingine mbili. Moja walimuuliza kama ni yule wa redioni. Akasema ndiye. Hawajampigia.

Sisemi haya ili mumhurumie. Nasema ili mjue bei yake. Tunawaambia watoto wetu wawe wadadisi, tunaiandika hiyo kwenye kuta za madarasa kwa rangi, halafu mtu mzima akidadisi hadharani tunamnyang'anya ufunguo. Anayesema "najua" bila kujua tunampa ofisi. Anayesema "sijui, lakini nilikiona" tunampeleka stoo.

Ila kuna jambo limetokea huko stoo ambalo msimamizi hakulipangia. Juu kwenye kabini hakuna aliyeweza kumfikia. Sasa kila mtu anapita dirishani pake, maana hakuna anayefanya kazi bila glovu. Na watu wameanza kuinama kwenye dirisha lile kwa muda mrefu kuliko glovu zinavyohitaji, wakimnong'oneza vitu walivyowahi kuviona wao.

Wiki iliyopita ilikuwa zamu ya Spika. Nilikuwa ndani nahesabu mifuko ya saruji. Nyuma yake kulikuwa na foleni. Aliingiza kichwa dirishani mpaka kofia ikagonga fremu, akasema kwa sauti ambayo sikujua kama anayo, "Mama, nina neno."

"Sema."

"Si hapa."

"Mimi niko hapa."

Akaangalia nyuma, akanong'ona kitu. Nikasikia "mdogo", nikasikia "uwanja wa mpira".

"Sikusikii," shangazi akamwambia.

"Mama, watu hawa."

"Watu hawa ndio hao uliowachekesha. Spika mzima, sauti imekwenda wapi leo? Kama ni la kunong'ona, kamnong'oneze mkeo. Mimi kunyamaza kulinila miaka. Kusema kumenila ufunguo. Najua kipi kilikula zaidi."

Spika alisimama na glovu zake mkononi. Foleni ilikuwa imeshanyamaza, na foleni ikinyamaza, kunong'ona hakuna maana tena. Akatoa kichwa dirishani, akanyooka.

"Nilikuwa mdogo," akasema. "Mimi na baba tulikuwa tunakatiza uwanja wa mpira, jioni, tunatoka kuchaji betri ya redio."

"Eh, Spika naye amepandishwa sahani," mmoja akadakia, na wengine wakaangua kicheko.

Nilidhani atacheka nao aondoke. Uso wake ulishaanza kutengeneza kicheko. Lakini shangazi alikuwa ameacha kugawa, ameweka viwiko dirishani, anamtazama yeye tu.

"Mlikuwa mmeelekea upande gani?" akamuuliza.

Spika akafikiri. Katika maisha yake yote hakuna aliyekuwa amemuuliza hilo. "Upande wa goli la chini," akasema. Kisha akawageukia wenzake, na sauti yake ile inayofika mtaa wa pili ikamrudia. "Nyinyi ngojeni nimalize. Mtacheka nikimaliza."

Akaanza tena, tangu mwanzo.